Jozi tofautishi kwenye KiCad: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo kila anayeanza kuchora bodi zenye USB au Ethernet huyauliza, na wengine huyauliza tena kwenye bodi ya tano. Mifano ni ya KiCad, programu ya kuchora bodi za elektroniki, kwa sababu ni ya bure na ndiyo wengi wetu tunayo kwenye kompyuta. Anayetumia programu nyingine atabadilisha vitufe tu. Shaba na graundi ni zilezile.

## Mwanzo kabisa

1. Jozi tofautishi ni nini hasa?

Ni njia mbili za shaba zinazobeba ujumbe mmoja kwa kupingana: volti ya moja ikipanda, ya mwenzake inashuka. Chipu inayopokea haijali volti ya njia yoyote peke yake, inasoma tofauti kati yake na ya mwenzake. Kelele ikizipiga njia zote mbili kwa pamoja zinapanda pamoja, tofauti inabaki ileile, na kelele inapita bila kuonekana.

Utazikuta kwenye USB, Ethernet, HDMI, PCIe, skrini za LVDS, CAN na RS-485. Zote zina wazo hilohilo, lakini hazidai uangalifu sawa. CAN inavumilia mengi ambayo PCIe haitakusamehe.

2. Kwa hiyo mkondo unaenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, graundi haihusiki?

Hapana, na hili ndilo kosa mama. Kwenye kebo iliyosokotwa maelezo hayo yanakaribia ukweli. Kwenye ubao wa matabaka manne, kila njia imelala juu ya bapa pana la graundi lililo robo milimita tu chini yake, na inashikana na bapa hilo kuliko inavyoshikana na mwenzake. Sehemu kubwa ya mkondo wa kurudi hupita hapo chini, kwenye graundi, ikifuata kivuli cha njia.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wangu wa kazi ni huu: kwanza graundi isiyokatika chini ya jozi, pili upana na pengo, mwisho kabisa urefu. Wengi huanza na urefu, kwa sababu ile mikunjo ya nyoka inapendeza machoni na inaonekana ni kazi ya fundi. Nimeona bodi zenye njia zinazolingana hadi mikroni, zikipita juu ya graundi iliyopasuliwa katikati. Hizo hazikufanya kazi.

3. Nitajuaje kama mradi wangu unahitaji haya yote?

Usitazame kasi ya data peke yake, tazama ukingo wa mawimbi, yaani pale volti inapohama toka chini kwenda juu, unapanda kwa muda gani. Kwenye bodi ya kawaida ya FR4 (fiba ya glasi) mawimbi husafiri karibu sentimita 15 kwa nanosekunde. USB ya megabiti 12 ina ukingo usiopungua nanosekunde 4, yaani ukingo mmoja umenyooka sentimita 60 hivi. USB ya megabiti 480 inaruhusiwa kushuka hadi nanosekunde 0.5, na hapo ukingo una urefu wa sentimita 7.5 tu.

Gawanya urefu huo kwa sita. Njia ikiwa fupi kuliko jibu, impidansi (ukinzani ambao mawimbi hukutana nao njiani) haitakusumbua sana. Kwa megabiti 12 unapata sentimita 10, na bodi nyingi ndogo hazifiki hapo. Kwa megabiti 480 unapata sentimita moja na ushee, hivyo karibu kila bodi inahusika.

Kwa hiyo bodi yako ya chipu ya STM32F103, ambayo USB yake ni ya megabiti 12, yenye soketi ya USB umbali wa sentimita 3? Chora jozi vizuri kwa nidhamu, lakini usikose usingizi.

## Kuandaa kabla ya kuchora

4. KiCad inajuaje kwamba njia mbili ni jozi?

Kwa majina tu. Jina la msingi lazima lifanane, kisha moja liishie na P na jingine N, au moja + na jingine -. USB_D_P na USB_D_N ni jozi. USB+ na USB- ni jozi. USB_D_P na USB_D- si jozi, kwa sababu umechanganya mitindo. USB_DP na USB_DM si jozi pia, ingawa hati za chipu nyingi huandika DM kwa ule mguu hasi. Mtego huu umenasa wengi: wananakili majina kutoka kwenye hati ya chipu, kisha wanashangaa programu haielewi.

Weka majina kwa mkono kwenye mchoro wa saketi, kwenye waya wenyewe. Ukiiacha KiCad ijipatie majina kutokana na miguu ya chipu, siku ukibadilisha chipu majina yanabadilika na jozi inavunjika kimyakimya.

5. Nimebonyeza 6 na programu inasema haioni mwenzake. Kwa nini?

Kitufe 6 ndicho kinachoanzisha uchoraji wa jozi. X ni wa njia moja. Ukipata ujumbe huo, mara tisa kati ya kumi ni majina (swali la 4), au umesahihisha mchoro wa saketi lakini hukubonyeza F8 kuupeleka kwenye ubao.

Ikilalamika kwamba haioni mahali pa kuanzia, tatizo ni jingine. Umebofya katikati ya kipande kilichochorwa tayari badala ya mwisho wake, au pedi mbili zimekaa mbali kiasi kwamba haijui ianzie wapi. Toa vipande vifupi kwa X kutoka kila pedi mpaka zikaribiane, kisha endelea na 6 kutoka kwenye ncha zake.

6. Niweke upana na pengo kiasi gani?

Hakuna jibu moja, na anayekupa namba bila kuuliza matabaka ya bodi yako anakupa namba ya bodi yake. Unachotafuta ni impidansi: ohm 90 kati ya njia mbili kwa USB, ohm 100 kwa Ethernet, HDMI na LVDS. Upana na pengo vya kuifikia hutegemea umbali kutoka njia hadi graundi, aina ya fiba, na unene wa shaba.

Fungua kikokotoo kinachokuja na KiCad, nenda kwenye njia za mawimbi, chagua njia mbili zilizoshikana juu ya graundi. Ingiza unene wa fiba kati ya tabaka la juu na la pili (uuchukue kwenye jedwali la matabaka la kiwanda, si kwenye kichwa chako), na kipimo cha umeme cha fiba (kinaandikwa εr), ambacho kwa FR4 huwa kati ya 4.2 na 4.6. Kwa bodi ya matabaka manne yenye fiba ya milimita 0.2 juu, ohm 90 hutoka kwenye upana wa milimita 0.25 hadi 0.3 na pengo la 0.15 hivi.

Namba hizo ziweke kwenye mipangilio ya ubao, penye makundi ya neti (neti ni waya mmoja wenye jina lake). Kila kundi lina safu mbili za peke yake kwa ajili ya upana na pengo la jozi. Safu ya upana wa kawaida haigusi jozi, na wengi huijaza hiyo kisha wakashangaa.

7. Na bodi ya matabaka mawili?

Hapo hesabu inakuwa ngumu. Graundi iko upande wa pili, milimita 1.5 chini, na ili kufika ohm 90 unahitaji njia zinazokaribia upana wa milimita nzima. Hazitaingia kati ya miguu ya chipu yoyote ya maana.

Njia ya kutokea ni kusogeza graundi karibu kwa pembeni: mwaga graundi kwenye tabaka la juu kushoto na kulia kwa jozi, ishonee kwa via (vitundu vyenye shaba ndani vinavyounganisha matabaka) hadi chini, kisha tumia hesabu ya njia zenye graundi pembeni. Upana unashuka kidogo. Kwa USB ya megabiti 12 hata usihangaike, fupisha njia tu (swali la 3). Kwa megabiti 480 na zaidi ya sentimita chache, lipia matabaka manne. Bei imeshuka sana, na ukilinganisha na kuagiza bodi mara mbili, hiyo ndiyo rahisi.

8. Lazima niagize udhibiti wa impidansi kiwandani?

Kwa USB 2.0 na Ethernet ya megabiti 100, kuchagua jedwali la matabaka linalojulikana na kutumia namba zake kunatosha. Kwa PCIe, HDMI na jamaa zao, agiza, na uandike kwenye maelezo njia zipi, tabaka lipi, ohm ngapi. Usishangae kiwanda kikigusa upana wako kwa asilimia chache. Ndiyo kazi uliyokilipia.

## Kuchora kwenyewe

9. Nianzie wapi?

Anza na jozi kabla ya kitu kingine chochote, wakati ubao bado mtupu. Weka soketi na chipu zitazamane ili njia zitoke moja kwa moja bila kupishana. Zikipishana, kwanza jaribu kugeuza chipu, au kutumia miguu mingine kama chipu inaruhusu. Dakika tano za kuzungusha chipu huokoa jioni nzima ya kuhangaika na via.

10. Jozi inaruhusiwa kubadilisha tabaka?

Inaruhusiwa, ila kila via ni kikwazo kidogo. Bonyeza V ukiwa unachora na KiCad itaweka via mbili sambamba. Sehemu wanayosahau watu ni graundi: mawimbi yakihama kutoka tabaka la juu kwenda la chini, mkondo wa kurudi nao lazima uhame kutoka bapa moja la graundi kwenda jingine, na hauwezi kuruka hewani. Weka via moja ya graundi kila upande wa jozi, karibu na mahali pa kuhamia. KiCad haitakuwekea hizo, ni kazi ya mkono wako.

11. Kuna mpasuko kwenye graundi na sina njia nyingine. Nivuke tu?

Usivuke. Mkondo wa kurudi ukikuta mpasuko unazunguka hadi mwisho wake, na mzunguko huo unageuka antena. Njia hizo mbili zinaweza kulingana kwa kila kitu na bado bodi ikapiga kelele redioni.

Mara nyingi mpasuko wenyewe haukuhitajika. Ni ile desturi ya kutenganisha graundi ya analogi na ya dijitali iliyonakiliwa kutoka mchoro wa zamani. Iunganishe. Pia angalia tabaka la pili vizuri: safu ya via zilizobanana huweza kukata graundi bila wewe kukusudia, kwa sababu duara za nafasi zao zimegusana. Bonyeza B kujaza maeneo upya, zima matabaka mengine yote, kisha fuata jozi kwa macho toka mwanzo hadi mwisho. Ukiona weusi chini yake, rekebisha.

Pale pekee pa kuacha bila graundi kwa makusudi ni chini ya transfoma za Ethernet, kuelekea soketi.

12. Nipitishe graundi katikati ya njia mbili za jozi?

Hapana. Pembeni ni sawa, mradi iwe mbali kiasi au uliiweka kwenye hesabu (swali la 7). Graundi iliyomwagwa ikisogea karibu bila kuhesabiwa, inashusha impidansi uliyohangaika kuipata. Mimi huacha pembeni nafasi isiyopungua mara tatu ya pengo la jozi.

## Urefu na mikunjo

13. Njia mbili zilingane kwa kiasi gani?

Piga hesabu kabla hujachora nyoka. Milimita moja ya tofauti ni pikosekunde 6 au 7. Biti moja ya USB ya megabiti 480 inachukua pikosekunde 2083. Milimita moja, basi, ni chini ya nusu ya asilimia moja ya biti. Kwenye USB ya megabiti 12 biti ni nanosekunde 83, na hapo hata sentimita haionekani.

Picha inabadilika kwenye PCIe ya kizazi cha tatu. Biti ni pikosekunde 125, milimita moja inakula asilimia tano, na sehemu ya kumi ya milimita inaanza kuhesabika. Huko ndiko mikunjo ina maana.

14. Mikunjo iwekwe wapi?

Palepale tofauti ilipozaliwa. Jozi ikipiga kona, njia ya nje inakuwa ndefu. Fidia iwe karibu na kona hiyo, si sentimita nne mbele. Katikati ya hapo njia mbili zinatembea zikiwa hazijapatana kwa wakati, na kelele hazifutani.

Kitufe 9 kinasawazisha njia mbili za jozi moja. Kitufe 8 kinarefusha jozi nzima ilingane na jozi nyingine, jambo ambalo USB haihitaji kwa sababu ina jozi moja tu. Kuchanganya 8 na 9 ni kosa la kila siku. Tangu toleo la 8, mkunjo ni kitu unachoweza kukigusa na kukibadilisha baadaye bila kuchora upya.

## Kesi zinazosumbua

15. Kuna rizista au kinga ya umeme katikati ya jozi. Nifanyeje?

Rizista hukata jina. Chipu ya RP2040, kwa mfano, inataka ohm 27 kwenye kila njia ya USB, kwa hiyo kuna jozi mbili: ya upande wa chipu na ya upande wa soketi. Zipe zote majina yanayofuata kanuni ya swali la 4, na zote ziingie kwenye kundi lilelile la neti. Weka rizista mbili bega kwa bega, karibu na chipu.

Kinga kama USBLC6-2 ni rahisi zaidi. Mguu wa 1 na wa 6 ni njia moja, wa 3 na wa 4 ni nyingine, hivyo jozi inapita chini ya kifaa bila tawi lolote. Ikae karibu na soketi. Ukiitundika pembeni kwa kijitawi, umeme tuli utaifikia chipu kabla haujaifikia kinga.

16. Soketi ya USB-C ina D+ mbili na D- mbili, na zimepishana. Zinaunganishwaje?

Hapa mchoraji wa jozi atakataa kukusaidia, na ana haki. Miguu minne ya katikati imejipanga hivi: B7, A6, A7, B6, yaani hasi, chanya, hasi, chanya.

Kwa kitufe X, unganisha chanya mbili (A6 na B6) kwa kitanzi kinachopita nyuma ya A7, upande wa chini ya mwili wa soketi. Kisha unganisha hasi mbili (B7 na A7) kwa kitanzi kinachopita mbele ya A6. Sasa A7 na B6, zilizo jirani, ndizo zinazotoka kuelekea chipu. Anza na 6 hapo. Hakuna via hata moja, na vitanzi vyenyewe havizidi milimita mbili. Ukishakifanya mara moja, kihifadhi na ukinakili kwenye kila bodi.

17. Nimegeuza D+ na D-. Bodi imekufa?

Kwenye USB 2.0 haitafanya kazi, lakini haijaungua. PCIe na USB 3 zina uwezo wa kugundua jozi iliyogeuzwa na kujisahihisha. USB 2.0 haina.

Mimi nilifanya hivyo kwenye bodi ya STM32F103. Niligeuza majina kwenye alama ya soketi, chipu ikabaki sawa. Bodi zilipofika, kompyuta ilidai nimechomeka kifaa cha kasi ndogo, ile ya megabiti 1.5, na chipu hiyo haina kasi hiyo kabisa. Nilipoteza saa mbili kwenye msimbo wa programu kabla akili haijarudi: kompyuta hutambua kasi kwa kuona rizista ya ohm 1500 imevuta mguu upi. Ikivuta D+, ni megabiti 12. Ikivuta D-, ni 1.5. Rizista yangu ilikuwa kwenye mguu sahihi wa chipu, na mguu huo ulikuwa umefika kwenye D- ya soketi.

Nilikata njia zote mbili kwa wembe, nikakwangua rangi ya kijani hadi shaba ikang'aa, nikavusha nyaya mbili nyembamba za earphone iliyokufa, moja juu ya nyingine. Ilikuwa mbaya kutazama na haikuwa na impidansi ya kueleweka. Ilifanya kazi mara ya kwanza, kwa sababu ya hesabu ya swali la 3.

18. CAN na RS-485 nazo zinahitaji mambo haya?

Kidogo sana. CAN ya kawaida haizidi megabiti 1. Chora njia mbili pamoja, graundi chini, basi. Nguvu zako zipeleke kwenye rizista za ohm 120, moja kila mwisho wa kebo. Zima umeme, pima kati ya nyaya mbili: ohm 60 ni sawa, 120 maana yake moja haipo, 40 kuna mtu ameweka ya tatu.

Kwa RS-485, usiamini herufi A na B. Watengenezaji hawakubaliani ipi ni chanya. Soma hati ya kila chipu, na kwenye bodi andika + na -.

19. Ukaguzi wa kanuni unaniambia jozi imeachana kwa urefu mkubwa. Ni kosa?

Ni sehemu ambayo njia mbili hazitembei sambamba, mara nyingi karibu na pedi. Milimita chache si neno. Weka mpaka unaouridhia kwenye kanuni zako, ili programu ilalamike pale tu panapostahili:

```
(version 1)
(rule "usb"
  (condition "A.inDiffPair('/USB_D')")
  (constraint diff_pair_gap (min 0.13mm) (opt 0.15mm) (max 0.2mm))
  (constraint diff_pair_uncoupled (max 5mm)))
```

Jina kwenye mabano ni la msingi, bila _P wala _N. Ukiandika na mkia, kanuni haitagusa kitu na wala haitakuambia.

20. Sina oskiloskopu ya kasi. Nitapimaje?

Kwa mita ya kawaida, hakikisha kila njia inafika kwenye chipu, na kwamba hazijagusana wala kugusa graundi. Kisha chomeka kwenye kompyuta yenye Linux na usome dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo.

Kimya kabisa: kompyuta haijaona rizista ya kuvuta, kwa hiyo tafuta umeme wa volti 5 au rizista yenyewe. Kasi isiyo ya chipu yako: swali la 17. Kosa la -71 linalojirudia: kifaa kimeonekana lakini data inafika imeharibika, jaribu kebo nyingine kwanza, maana kebo mbovu ni nyingi kuliko bodi mbovu, kisha rudi kwenye swali la 11. Na kifaa cha megabiti 480 kinachotambulika kama cha 12 kila mara, hata kwa kebo fupi nzuri, kinakuelekeza kwenye swali la 6.